Kauri, maji, na mpangaji anayebomoa nyumba: jinsi taka za nyuklia zinavyofungwa

Desemba 2001, nchi ya Georgia, wanaume watatu wa kijiji cha Lia wako msituni wanatafuta kuni, baridi ya kufa mtu, theluji kila upande na giza linaingia. Wakaona vyuma viwili vya mviringo vimelala chini, vidogo tu, kimoja unakibeba kwa mikono, na cha ajabu theluji iliyovizunguka ilikuwa imeyeyuka yote na ardhi inafuka mvuke. Sasa jiweke wewe hapo, umechoka, unatetemeka, unakutana na kitu kinatoa joto chenyewe bila moto. Wakalala navyo, wamevipa mgongo kama watu wanaoota moto. Usiku huohuo wakaanza kutapika.

Vile vyuma vilikuwa vyanzo vya mionzi, ndani yake kuna strontiamu-90, vimetoka kwenye mitambo midogo ya umeme iliyotelekezwa tangu enzi za Usovieti. Wawili kati yao waliungua mgongo vibaya sana, na mmoja akafariki 2004 baada ya kuzunguka hospitali zaidi ya miaka miwili. Februari 2002 ikaja timu ya kuviondoa, na kila mtu alipewa sekunde kama 40 tu, anakimbia, anasogeza kidogo, anatoka, anaingia mwenzake.

Upande wa pili wa dunia kuna Goiânia, Brazil, Septemba 1987. Mashine ya tiba ya mionzi imeachwa kwenye jengo la kliniki iliyohama, waokota vyuma chakavu wakaibeba, wakaichokonoa, na ndani wakakuta unga unaong'aa buluu gizani. Sesiamu-137, gramu 93 tu, ila ilikuwa kwenye umbo la chumvi, kloridi ya sesiamu, ndugu kabisa wa hii chumvi unayoijua. Na chumvi tabia yake unaielewa: inanata kwenye mkono wenye jasho, inaingia kwenye nguo, inapeperuka, ikiona maji inapotea humo. Watu wakagawiana, wakajipaka mwilini, wakawapelekea ndugu zao waone maajabu. Wanne wakafariki, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, zaidi ya 110,000 wakapangwa foleni kupimwa, nyumba zikabomolewa, udongo ukachotwa, na gramu 93 zikazaa taka za mita za ujazo kama 3,500.

Hizi stori mbili nimeziweka pamoja makusudi kabisa. Ndani ya vile vyuma vya Lia strontiamu ilikuwa imefungwa kwenye kauri, jamii ya vigae na vikombe, hii ikiitwa titanati ya strontiamu, kitu kigumu kisichotaka urafiki wowote na maji. Kauri haikuwaokoa wale jamaa, hilo niliseme mapema, mionzi inatoka nje ya kauri kama vile kauri haipo. Lakini vilitolewa msituni vikiwa vizima, vikafungiwa kwenye kasha la madini ya risasi, ikaisha. Goiânia haikuisha hivyo, kwa sababu kule atomi zenyewe zilitembea, zilipanda basi, zililala kwenye vitanda vya watu.

Na mi ndo hoja yangu nzima hiyo, wengine wakiongelea taka za nyuklia wanaongelea mionzi, mi naongelea kutembea. Mionzi ukiwa mbali nayo, au ukiweka zege na maji ya kutosha katikati, umemalizana nayo. Ukuta mnene ni kazi ya fundi ujenzi. Kazi ngumu ni kuiambia atomi moja ya plutoniamu ikae hapohapo ilipo, isiende popote, kwa muda ambao hata kuutamka ni shida.

Hebu tuutamke hivyohivyo. Sesiamu-137 na strontiamu-90 zinapungua nusu kila miaka kama 30, kwa hiyo baada ya miaka 300 imebaki kama sehemu moja ya elfu, hiyo bado unaweza kujipanga nayo. Plutoniamu-239 inapungua nusu kwa miaka 24,100. Neptuniamu-237 inazidi miaka milioni 2. Kwa muda huo chuma kitaoza, zege litapasuka, mlinzi atastaafu na shirika lililomwajiri litakufa, na hata maandishi ya "HATARI" mlangoni hatapatikana wa kuyasoma. Watakaobaki ni wawili, jiwe na maji. Na maji hayana haraka. Yanapita kwenye ufa mwembamba kuliko unywele, yanachukua atomi moja hapa, moja pale, leo, kesho, mwakani, bandu bandu huisha gogo.

Niliingia kwenye haya mambo kwa mlango wa nyuma, nikiri. Nilikuwa mwanafunzi natafuta nafasi kwenye maabara yoyote, nikitamani sana mambo ya betri, betri pakajaa, nikaambiwa kuna nafasi upande wa kauri. Nikajua ni vigae na vyoo. Mtu wa kwanza niliyekutana naye mle ndani alinipa kijiwe cheusi, kidogo kama sarafu lakini kinene, kizito kupita unavyodhani, akaniambia "hiki kikitoka salama baada ya miaka laki moja tutakuwa tumefanya kazi". Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwanza lazima tuongelee kioo, maana ukweli ni kwamba dunia ilichagua kioo. Ukishachakata mafuta ya nyuklia yaliyotumika, vile vidonge vya urani vilivyomaliza kazi kwenye kinu, yaani umeyayeyusha kwenye asidi ukatoa urani na plutoniamu, unabaki na kimiminika kikali chenye makumi ya elementi zimechanganyikana, kinachemka chenyewe kwa joto lake usipokipooza. Wafaransa walianza kukigeuza kioo kwa kiwango cha kiwanda pale Marcoule mwaka 1978, baadaye La Hague, Waingereza wakafuata Sellafield, Wamarekani wakaanza Savannah River 1996. Unakikausha, unachanganya na vipande vya kioo cha borosilikati, kile cha jamii ya vyombo vya maabara visivyopasuka kwenye moto, unayeyusha kwenye nyuzi joto kama 1,100, unamimina kwenye kopo la chuma cha pua. La Hague kopo moja linabeba kama kilo 400 za kioo, kikipoa unaweka kifuniko, unachomelea, unapeleka stoo.

Kwa nini kioo kilishinda? Mi nimeshasoma sababu za kisomi kibao, lakini ukikaa na mafundi wanakwambia moja tu: kinamiminika. Kila kitu kinafanyika nyuma ya ukuta wa zaidi ya mita moja, mtu anaendesha mikono ya mashine huku akichungulia dirishani, na kazi ya kumimina inawezekana hivyo, kazi ya kusaga unga, kuchekecha, kukandamiza na kuhesabu vidonge ni balaa. Unga unapeperuka. Halafu kioo hakina ubaguzi, muundo wake ni vurugu, atomi zimekaa shaghalabaghala, kwa hiyo ukimletea elementi ya aina yoyote inapata pa kujipenyeza, kama sebule ya msiba, hakuna anayeulizwa amekujaje. Sebule hiyo ina mipaka yake lakini. Molibdenamu ikizidi inajitenga, inaunda tabaka la njano linaloyeyuka kwenye maji kirahisi na linabeba sesiamu humo humo. Plutoniamu nayo inaingia asilimia chache tu, ukiongeza inagoma.

Na kioo kwenye maji si kibovu kama watu wa kauri wanavyopenda kusema. Kuna vipande vikubwa vya kioo vya Warumi viliokotwa kwenye meli iliyozama baharini karibu na Embiez, kusini mwa Ufaransa, vimekaa chini ya maji miaka kama 1,800, na watafiti wakavipasua na kupima ndani ya nyufa maji yamekula kiasi gani. Vilikuwa vimekwaruzwa, vina nyufa zimejaa utando, lakini kioo kilikuwepo. Kwa miaka 1,800 ni heshima hiyo. Tatizo ni kwamba Warumi hawakuweka plutoniamu kwenye kioo chao.

Sasa ndo anaingia Ringwood. Ted Ringwood alikuwa mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mtu wa kuwaza mambo yaliyopo mamia ya kilomita chini ya miguu yetu, kuna hadi madini yanaitwa ringwuditi kwa jina lake. Mwaka 1978 akaja na wazo ambalo, ukilifikiria, ni la mtu anayeangalia mawe siku nzima. Akasema, jamani, mbona ardhini kuna fuwele, mawe ambayo atomi zake zimepangwa mistari, zimeshika urani na thoriamu ndani yake mamilioni ya miaka, zimepita kwenye maji moto, zimebebwa na mito, na bado zimeshika? Si tuige hizo. Akaita mchanganyiko wake Synroc, mwamba wa kutengenezwa.

Synroc ni familia ya madini manne yanayopikwa chungu kimoja. Kuna zirkonolaiti, yenye kalsiamu, zirkoniamu na titaniamu, hiyo ndo inawabeba wakubwa, plutoniamu na wenzake. Kuna holandaiti ambayo kwenye muundo wake ina mifereji mirefu, na sesiamu ambayo ni linene linakaa mle ndani likibanwa pande zote. Perovskaiti inachukua strontiamu. Rutaili, ambayo ni oksidi ya titaniamu yenyewe, inajaza mapengo. Ukitupa taka kwenye unga huo na kuupika, kila elementi inaenda kwenye fuwele inayoifaa kwa saizi na chaji yake, yenyewe, hakuna anayeipangia. Hii sehemu mpaka leo inanisisimua aisee. Kioo kinampokea kila mtu sebuleni, fuwele inamuuliza mgeni wewe una upana gani halafu inampa chumba chake. Na ukishakaa kwenye hicho chumba umebanwa na oksijeni kila kona, kutoka si rahisi. Ukiweka Synroc kwenye maji moto pembeni ya kioo, elementi nyingi zinatoka polepole mara kumi, mara mia, nyingine zaidi ya hapo. Perovskaiti ndo mnyonge wa familia, maji yanaianza hiyo kwanza, watu wa Synroc wanalijua hilo na hawapendi kulianzisha mezani.

Nilichopewa mimi ni zirkonolaiti. Na plutoniamu sikuwahi kuiona hata kwa dirisha, tulitumia seriamu kama mbadala, kwa kuwa saizi yake inakaribiana na inakubali kubadili chaji kama plutoniamu inavyofanya, na haikuui. Unapima unga wa oksidi kwa mizani inayosoma mpaka sehemu ya kumi elfu ya gramu, unasaga kwenye kinu chenye mipira ya zirkonia usiku kucha na ule mlio unakufuata mpaka ndotoni, unakausha, unachekecha, unaunguza mara ya kwanza, unasaga tena. Kisha unajaza kwenye kalibu ya chuma na kukandamiza kwa mashine ya haidroliki. Kidonge kinachotoka kina ulaini wa chaki, ukikishika vibaya kinakumegukia mkononi. Kinaingia tanurini, nyuzi joto 1,350, masaa mengi, na kikitoka kimesinyaa, kimekuwa kidogo, kigumu, ukikigonga na kingine kinalia kama kikombe kizima.

Sawasawa hiyo ni siku ikienda vizuri. Mara ya kwanza kabisa nilikuwa na vidonge sita, na nilikuwa na haraka, nikaweka tanuri lipoe fasta kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi ili niwahi kuvipima kabla ya wikendi. Nikafungua asubuhi. Vinne vimebaki vizima kwa macho, viwili vimekatika kwa ulalo, juu kumeachana na chini kama kofia na kichwa, na hata vile vinne nilipoviweka chini ya darubini vilikuwa na nyufa nyembamba zimetambaa kila mahali. Msimamizi wangu alivitazama akasema neno moja tu, "njia". Nikamuuliza njia gani. Akaniambia kila ufa hapo ni njia ya maji, umetengeneza jiwe zuri sana halafu ukalichimbia barabara. Sijawahi kuharakisha tanuri tena.

Ndo maana Waaustralia waliishia kwenye mbinu ya kubana kwa gesi. Unga unawekwa kwenye kopo la chuma, kopo linachomelewa likazibwa kabisa, linaingizwa kwenye chombo chenye gesi ya agoni yenye joto na mgandamizo mkubwa mno, na kopo linabanwa kutoka pande zote kwa wakati mmoja mpaka linajikunja na kilichomo kinakuwa jiwe lisilo na tundu. Kuna faida nyingine hapo ambayo mi naona ni kubwa kuliko ya kwanza: kwa kuwa kopo limezibwa, kinachopenda kuruka hakirukii popote. Kwenye tanuri la kioo sesiamu inajaribu kutoroka na moshi, unalazimika kuikamata na kuirudisha, vichujio navyo vinageuka taka. Kwenye kopo lililofungwa inaenda wapi? Shirika lao la nyuklia, ANSTO, limechukua njia hii kwa ajili ya taka za kutengeneza dawa za tiba huko Lucas Heights.

Hapa ndo utamu umeisha na shida inaanza, na hii shida ndo iliyonifanya nisirudi kwenye betri.

Kwenye hii nyumba ya fuwele mpangaji si mtulivu. Atomi ya plutoniamu ikiamua kuoza inatema kiini cha heliamu upande mmoja, na yenyewe, ikiwa sasa ni urani, inarudishwa nyuma. Umewahi kuruka kutoka kwenye mtumbwi? We unaenda mbele, mtumbwi unarudi nyuma. Huyu mtumbwi ni mzito na anarudi katikati ya umati uliopangwa mistari, anagonga huyu, huyu anamgonga yule, na ndani ya muda mfupi usiohesabika mamia na maelfu ya atomi zimetolewa kwenye nafasi zake. Nyingine zinarudi mahali pake, nyingine hazirudi. Tukio moja si kitu. Lakini kila gramu ya plutoniamu-239 ina matukio zaidi ya bilioni mbili kila sekunde. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe ndo dawa uliyoitengeneza.

Ardhi imeshatuonyesha picha ya mwisho wake. Nenda kwa wauza vito, waulize zirkoni za kijani za Sri Lanka. Zirkoni ni fuwele sugu ajabu, kipande cha zamani kuliko vyote vya dunia hii tulichonacho ni zirkoni kutoka Jack Hills, Australia, ina umri wa miaka bilioni 4.4. Lakini zile zenye urani na thoriamu nyingi, baada ya mamia ya mamilioni ya miaka ya kupigwa kutoka ndani, zimepoteza mpangilio wote, ukizipiga mionzi ya X hazionyeshi fuwele tena, zimekuwa kama kioo kilichovaa sura ya fuwele. Zinavimba pia, zirkoni ikivurugika kabisa inaongezeka ujazo kama asilimia 18. Na jiwe likivimba bila usawa linapasuka, na ufa ni nini? Njia.

Mwaka 2007 watafiti wa Cambridge na wenzao wa Marekani walichukua zirkoni iliyotiwa plutoniamu, wakazihesabu atomi zilizovurugwa moja kwa moja badala ya kukadiria, wakakuta tukio moja linavuruga atomi kama 5,000, mara kadhaa ya ilivyodhaniwa. Kwa hesabu yao zirkoni yenye asilimia 10 ya plutoniamu-239 ingepoteza mpangilio wake ndani ya miaka kama 1,400. Elfu moja na mia nne, wakati mpangaji anahitaji makumi ya maelfu! Siku tunasoma ile karatasi kwenye kikao cha maabara palikuwa kimya, halafu jamaa mmoja akasema "basi turudi kwenye vioo", nusu utani nusu kweli.

Hakukuwa na haja ya kurudi. Kuna fuwele zinazokufa vibaya na fuwele zinazojua kuumia. Zirkonati ya gadoliniamu ni mfano, ni ya jamii ya fuwele zinazoitwa paiklori, na ikipigwa haibomoki ikawa vurugu tupu, inachofanya ni kwamba gadoliniamu na zirkoniamu zinabadilishana viti, mpangilio unakuwa wa hovyo kidogo lakini viti vyote vipo na kila kiti kina mtu. Gadoliniamu pia inameza nyutroni, kwa hiyo plutoniamu nyingi sehemu moja haiwezi kuanzisha mnyororo wa atomi kupasuana. Kwa nini zisitumike hizo kila mahali basi? Zinataka joto kubwa kuzipika na viambato vyake si vya bei rahisi. Na jingine ambalo watu hawalisemi kwa sauti: hata titanati iliyovurugika, ile zirkonolaiti yangu, inavimba asilimia kama 6 tu na bado inashika vizuri kwenye maji. Kupoteza mpangilio si lazima kuwe kupoteza mpangaji. Mi mwenyewe nilichukua muda kulikubali hilo, nilikuwa naabudu mistari iliyonyooka ya fuwele.

Ushahidi mkubwa kuliko majaribio yetu yote uko Oklo, Gabon. Mwaka 1972 Wafaransa walikuwa wanapima urani kutoka kwenye mgodi huo wakakuta urani-235 ni asilimia 0.7171 badala ya 0.7202. Tofauti ndogo ya kudharauliwa, ila kwenye hii biashara namba hiyo haibadiliki popote duniani, hata mawe ya mwezini yanaifuata. Kufuatilia, wakagundua kwamba karibu miaka bilioni mbili iliyopita miamba ile iliwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia, maji ya ardhini yakiipunguza kasi nyutroni, na ikaendelea kuwaka na kuzimika kwa muda mrefu sana. Hakukuwa na mhandisi, hakukuwa na kopo wala uzio. Na plutoniamu iliyotengenezwa pale ilikaa palepale kwenye punje za urani oksidi mpaka ikaoza ikaisha. Elementi za jamii ya lanthanaidi nyingi zilibaki. Sesiamu ilitoka, gesi zilitoka, iodini ilitoka, yaani hata mwamba wa asili una wageni unaowashindwa, na ni walewale wanaotusumbua sisi maabara, iodini-129 hasa, inayopungua nusu kila miaka milioni 15.7 na isiyovumilia tanuri hata kidogo, inaruka kabla hujapasha vizuri.

Na angalia, urani oksidi ya Oklo ndo kitu kilekile cha kwenye vinu vyetu. Vidonge vya mafuta ya nyuklia, vya upana wa kama sentimita moja, ni kauri. Watu wa Finland wameliona hilo wakaamua wasichakate kitu: mpango wao ni kuyachukua mafuta yaliyotumika kama yalivyo, kuyaweka kwenye makopo yenye ganda la shaba la unene wa sentimita 5, kuyashusha Onkalo, stoo yao ya chini ya ardhi, mita zaidi ya 400 kwenye mwamba wa umri wa miaka kama bilioni 1.9, na kuyazungushia udongo wa bentonaiti ambao ukiona maji unavimba na kujiziba wenyewe. Kauri ndani ya chuma na shaba, ndani ya udongo, ndani ya mwamba. Mi naipenda hii, ni ya kivivu kwa maana nzuri.

Plutoniamu iliyokwishatenganishwa ndo kesi nyingine, na hapo sina mashaka kabisa, kauri ndo jibu. Wamarekani walilijua. Miaka ya tisini walishindanisha kioo na kauri kwa ajili ya plutoniamu ya ziada ya kijeshi, kauri ya titanati aina ya paiklori ikashinda, mpango ukawa vidonge viwekwe kwenye vikopo, vikopo ndani ya kopo kubwa, halafu kioo cha taka kali kimiminwe kuvizunguka ili atakayetaka kuiba afie mlangoni. Ujanja wa hali ya juu. 2002 mpango ukafutwa, wakaamua kuigeuza plutoniamu hiyo mafuta ya vinu, na kiwanda cha mafuta hayo kikaja kusimamishwa katikati ya ujenzi 2018 baada ya kumeza mabilioni ya dola. Waingereza nao wana kama tani 140 za plutoniamu ya kiraia zimekaa Sellafield kama unga kwenye makopo, miaka nenda miaka rudi wakijadili, mpaka Januari 2025 serikali ikatangaza kwamba itafungwa kwenye umbo thabiti na kuzikwa. Zirkonolaiti imo kwenye orodha ya wagombea. Niliposoma habari hiyo nilimtumia msimamizi wangu wa zamani ujumbe, akajibu saa hiyohiyo: "wapoze tanuri taratibu."

Kuna watu wananiambia hii sayansi ni ya kukatisha tamaa kwa sababu hutaona matokeo yake ukiwa hai. Sijui. Jaribio letu la maji lilikuwa hivi: unachukua kidonge, unakisugua mpaka kinang'aa, unapima kila upande, unakitundika kwenye chombo cha plastiki ngumu chenye maji safi kabisa, unaweka kwenye oveni ya nyuzi 90, na kila baada ya muda uliopangwa unachota maji yale unapeleka kwenye mashine inayohesabu elementi mpaka sehemu za bilioni. Siku ya kwanza unaona kalsiamu kidogo, titaniamu hamna, seriamu ipo kwa mbali. Wiki ya pili seriamu imepungua. Unabadilisha maji, unarudisha chombo, unaandika tarehe kwenye daftari.

Siku ya 28 nilichukua maji ya kidonge namba 11, kile kilichopozwa kwa masaa yote yaliyoandikwa kwenye karatasi. Yule wa mashine akaniletea matokeo akiwa na uso wa kuomba radhi, akasema labda sampuli ilikuwa na shida, maana kwenye safu ya seriamu hakuna namba, kuna alama tu ya kuonyesha iko chini ya uwezo wa mashine kusoma. Akaniuliza kama arudie. Nikamwambia arudie. Akarudia, alama ikaja ileile, nikaenda kubadilisha maji.